Herufi Zinazokimbia

Ndugu wasikilizaji, leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho redio haiwezi kukionyesha. Nataka kuzungumza juu ya sura ya herufi. Najua yuko atakayesema kwamba bwana huyu leo kakosa la kusema. Watu wanahangaika na bei ya unga na maji ya bombani, yeye anatuletea habari za irabu na konsonanti. Naomba subira kidogo. Mwisho wa mazungumzo haya nadhani utakubaliana nami kwamba sura ya herufi na bei ya unga haziko mbalimbali kama tunavyofikiri, kwa sababu zote mbili zinatia mkono katika mfuko uleule, nao ni mfuko wako.

Herufi ninazozisemea unazijua, hata kama hujapata kuzipa jina. Ni nene kama kidole gumba. Hazina viguu, yaani vile vijistari vinavyotokeza kwenye ncha za herufi za vitabuni, kana kwamba kila herufi imevaa viatu. Tena hazikusimama wima. Zimeinamia kulia kama mkimbiaji aliyechuchumaa anasubiri filimbi. Wenye fani ya uchapaji huuita unene huo koza, na kuinama huko mlazo. Mimi kwa leo nitaziita herufi za mbio.

Ukitoka nyumbani asubuhi, kabla hujafika kituoni umeshakutana nazo mara kumi. Zipo ubavuni mwa basi la mikoani, na nyuma yake zimechorwa mistari kama vumbi linalotimka. Zipo kwenye pakiti ya sabuni ya unga, kwenye bango la punguzo la bei, kwenye tangazo la kamari ya mpira, na kwenye kipeperushi kinachobandikwa juu ya nguzo ya umeme kukueleza kwamba fedha zipo, njoo uchukue. Hazikutengenezwa zisomwe ukurasa mzima. Ukiandika kitabu kizima kwa herufi hizo msomaji atakitupa kabla ya sura ya pili. Ni herufi za kuonyeshea, za maneno matatu au manne, za kumkamata mpita njia shati na kumwambia: wewe, tazama huku!

Sisi watu wa redio tunalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mtangazaji wa mpira mshambuliaji anapokaribia goli hupandisha sauti, hukaza maneno na kuongeza mwendo. Hapo hata aliyekuwa anasinzia hukaa kitako. Unene wa herufi ndiyo kupandisha sauti. Kuinama kwake ndiyo kuongeza mwendo. Na kukosa viguu ni kama kuacha salamu na maamkizi, mtu akaingia moja kwa moja katika shabaha yake. Herufi, ndugu zangu, ni sauti iliyokaa kwenye karatasi.

Lakini kwa nini kitu kilichoinama kulia kionekane kinakimbia? Ni kwa sababu sisi tunaosoma herufi za Kirumi macho yetu hutoka kushoto kwenda kulia, basi herufi iliyoinama huko inaonekana imetangulia mbele yetu. Wazee wetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa jicho la namna hiyo, kitu kilichoinama kulia kingeweza kuonekana kinarudi kinyumenyume. Kumbe zile mbio hazimo katika wino. Zimo katika mazoea ya macho yetu. Anayezichora anayajua mazoea hayo, naye anayafanyia kazi.

Ajabu ni kwamba mambo haya matatu, kuinama, kukosa viguu na unene, hayakuzaliwa siku moja, na wala si yote yaliyozaliwa kwa ajili ya kupiga kelele. Kuinama kulianza kwa upole kabisa. Mwaka 1501, katika mji wa Venice huko Italia, mchapaji aliyeitwa Aldus Manutius alitoa kitabu cha mshairi wa kale Virgil kwa herufi za kuinama zilizochongwa na fundi Francesco Griffo. Herufi hizo ziliiga mwandiko wa mkono wa wasomi wa siku zile. Zilikuwa nyembamba na tulivu, na vitabu vyake vilikuwa vidogo vya kuchukulika mkononi, mtu akaweza kusoma chini ya mti. Hazikuwa na haraka yoyote.

Herufi isiyo na viguu ilikuja zaidi ya miaka 300 baadaye. Mwaka 1816 mjini London, William Caslon wa nne katika ukoo wa wasubu herufi alitia katika kitabu chake cha sampuli mstari mmoja wa herufi kubwa tupu zisizo na viguu. Haukuvuma wakati ule. Ulikaa pale kama mgeni asiyejulikana ameletwa na nani.

Unene, huo ndio ulioletwa na biashara. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne ya 19, London ilikuwa imejaa bidhaa za viwanda, na kila mwenye bidhaa alitaka ukuta wa kubandika tangazo. Mmoja akiandika kwa herufi nene, jirani yake kesho anaandika kwa nene zaidi. Miongoni mwa waliozipenda herufi hizo walikuwamo wauzaji wa tiketi za bahati nasibu ya serikali, ambayo Uingereza iliifunga mwaka 1826. Mwaka 1827, huko New York, Darius Wells alitumia mashine ya kuchonga herufi kubwa za mbao, nyepesi na rahisi kuliko za risasi. Hapo herufi ikatoka kitabuni ikapanda ukutani, na hadi leo haijashuka. Wahenga walikwishasema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi tungeweza kuongeza kwamba kinapojitembeza huvaa herufi nene.

Sasa tuichukue herufi moja tu tuifuate safari yake, maana katika safari hiyo mna funzo. Mwaka 1927 kiwanda cha kusubu herufi cha Bauer, mjini Frankfurt, Ujerumani, kilitoa herufi iliyochorwa na mwalimu na mchapaji Paul Renner. Iliitwa Futura, maana yake ya wakati ujao. Renner aliacha kila pambo. Alijenga herufi zake juu ya maumbo ya shule ya msingi: duara, pembetatu na mraba. Herufi O yake huonekana duara kamili. Ilikuwa sura safi ya mtu anayetaka dunia mpya, na waliokuwa wakitaka dunia ya namna nyingine hawakumpenda mwenyewe. Mwaka 1932 aliandika kijitabu cha kuwapinga, na mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka, alikamatwa na kuondolewa katika ukuu wa shule ya uchapaji mjini Munich.

Herufi yake ilibaki ikitembea duniani. Mwaka 1969 watu wa Apollo 11 walipoacha kibao mwezini, maneno yaliyomo yaliandikwa kwa Futura, herufi kubwa, wima, bila kelele. Na kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1959, kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach ya New York ilikuwa ikiliuza gari dogo la Volkswagen kwa maneno machache ya Futura iliyosimama, gari lenyewe likiwa kadogo katikati ya ukurasa mweupe. Magari mengine yalipiga kelele. Hili lilinong'ona, na watu walisogea kusikiliza. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba bila kelele bidhaa haiendi.

Lakini Futura nayo ina ndugu zake katika ukoo, na mmoja wao ni yule mnene aliyeinama. Huyo ndiye herufi ya mbio hasa, na kumtengeneza si kazi ya mchezo. Chuoni, nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, alikuwapo mwalimu wetu wa kupanga kurasa, mzee aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha chapa tangu enzi za herufi za risasi. Alikuwa akituambia kwamba kuinamisha herufi si kuisukuma bega. Siku moja alitupa karatasi ya miraba tuchore O nene iliyosimama, kisha tuisukume juu kwenda kulia bila kuigusa kingine. Tulipomaliza tulishangaa. O yetu ilikuwa imenenepa kwenye pembe ya juu kulia na pembe ya chini kushoto, na imekonda kwenye pembe mbili nyingine, kama mpira wa ndani uliovutwa na watoto wawili. Fundi hana budi kupunguza pale penye nyama na kuongeza pale penye mfupa, mpaka jicho lidanganyike kwamba unene ni mmoja.

Na hilo ni moja tu. Mstari uliolala ukiupa unene sawasawa na uliosimama, jicho huuona umezidi, lazima upunguzwe. Herufi ya duara ukiipa urefu sawasawa na ya mraba, jicho huiona fupi. Lazima ivuke mstari kidogo juu na chini. Herufi inavyonenepa, matundu yake ya ndani, kama ya a na e, huzidi kuwa madogo, na karatasi duni ya gazeti inaponyonya wino matundu hayo huziba kabisa. Fundi lazima ayapanue kabla, kama mjenzi anayeacha nafasi ya mlango kuvimba wakati wa masika. Siku hizi kompyuta huinamisha herufi yoyote kwa kubonyeza kitufe kimoja, na ndiyo maana mabango mengi ya mjini yana O zilizovutwa kama ile yetu ya chuoni.

Nimeyaeleza haya kwa makusudi. Nataka ujue kwamba ile haraka unayoisikia moyoni ukiona herufi hizo haikutokea kwa bahati. Yuko mtu aliyekaa mezani na kalamu, akapima nyuzi, akapunguza hapa na kuongeza pale, ili wewe uharakishwe.

Je, haraka hiyo inasaidia macho kusoma? La hasha. Hebu tumtazame mtu ambaye kweli yuko mbioni, yaani dereva. Uingereza ilipofungua kipande chake cha kwanza cha barabara kuu ya mwendo kasi, karibu na mji wa Preston, Desemba mwaka 1958, alama zake zilichorwa na Jock Kinneir, akisaidiwa na Margaret Calvert, na kazi yao ikaendelea mpaka ikafika katika barabara zote za nchi ile katika miaka ya 1960. Walijua kwamba dereva ana sekunde chache tu za kusoma. Basi walichora herufi zisizo na viguu, zenye matundu yaliyo wazi, zimeachana vizuri, na zimesimama wima. Hawakuziinamisha. Majina ya miji hawakuyaandika yote kwa herufi kubwa. Walianza na kubwa wakafuatisha ndogo, kwa sababu kila neno lipate umbo lake la kutambulika. Zingatieni jambo hilo. Anayetaka ufike salama huandika kwa herufi iliyosimama hata kama wewe unakimbia. Anayeandika kwa herufi inayokimbia, aghalabu wewe umesimama, na anachotaka ni kukuondoa hapo ulipo.

Tukirudi kwa Futura ile nene ya kuinama, kuna kisa kilichoipata Marekani ambacho ningependa kila mnunuzi wa fulana akijue. Barbara Kruger alizaliwa mwaka 1945 mjini Newark, katika jimbo la New Jersey. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mpangaji kurasa wa gazeti la wanawake la Mademoiselle, mjini New York. Kazi yake ilikuwa kupanga picha na maneno mpaka msomaji avutike. Baadaye aliacha ajira hiyo akawa msanii, akachukua zana zilezile za kuuzia akazigeuza ziseme kinyume. Alichukua picha za zamani, nyeusi na nyeupe, akabandika juu yake maneno machache makali kwa Futura nene ya kuinama, mara nyingi nyeupe juu ya kipande chekundu. Katika kazi yake moja ya mwaka 1987 unaona mkono umeshika kadi, na maneno ya kadi yanasema, kwa maana yake, kwamba mtu yupo kwa kuwa ananunua. Mwaka 1989 alitengeneza bango lenye uso wa mwanamke uliogawanywa nusu kwa nusu, kwa ajili ya maandamano ya wanawake mjini Washington ya kutetea haki ya kutoa mimba. Ukubaliane naye au usikubaliane naye, jambo alilolifanya na zile herufi liko wazi. Alikuwa akimwambia Mmarekani: hii ndiyo sauti inayokuamrisha kila siku, sikiliza sasa ninavyoitumia kukuamsha.

Mwaka 1994 likafunguliwa duka katika mtaa wa Lafayette, mjini humohumo New York, la kuwauzia nguo na vifaa vijana wanaocheza na vibao vya magurudumu. Duka liliitwa Supreme. Alama yake ilikuwa sanduku jekundu, na ndani yake jina kwa herufi nyeupe za Futura, nene, zimeinama. Msanii alikuwa amezichukua kwa wafanyabiashara ili aukejeli ununuzi. Mfanyabiashara naye akaja akazichukua kwa msanii akauzia. Fulana ya pamba, ukiibandika sanduku lile, vijana walikesha kwenye foleni.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilimshtaki mwanamke mwenye kampuni ndogo ya nguo, aliyekuwa amelifanyia mzaha jina lao ndani ya sanduku jekundu la namna ileile. Ilidai dola milioni 10. Mwandishi wa habari alipomtafuta Kruger atoe maoni, aliwajibu kwa kejeli nzito ambayo siwezi kuirudia hewani, na kesi ikamalizwa kwa mapatano. Mwaka 2020 kampuni ya Supreme iliuzwa kwa dola bilioni 2 na milioni 100. Mwaka 2024 ikauzwa tena, kwa dola bilioni 1 na nusu. Fedha hizo hazikuwa za kitambaa, ndugu zangu. Sehemu kubwa ilikuwa ya jina lile na lile sanduku jekundu lenye herufi za kuinama.

Nendeni leo Kariakoo, au Gikomba kule Nairobi, mkapekue marundo ya nguo. Fulana zenye sanduku lile mtazikuta, za kweli na za kughushi, na kijana aliyevaa hana habari ya Renner aliyekamatwa wala ya Kruger aliyekejeli. Simlaumu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani yenyewe hailindi umbo la herufi; hulinda programu ya kompyuta inayolibeba umbo hilo. Herufi haina mwenyewe. Haina chama, haina dini, haina kabila. Ni kama mpiga zumari: leo yuko kwenye harusi yako, kesho yuko kwa hasimu yako, na zumari ni lilelile. Ndiyo maana haifai kuuliza kama herufi ni nzuri au mbaya. Swali ni nani kaikodi, na anataka ufanye nini upesi hivyo.

Swali hilo si la wasanii wa New York peke yao. Mtaani kwetu yuko mama mmoja wa makamo anayeuza samaki wa kukaanga. Siku moja jioni nilipompita nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye mtu wa redio? Hebu nisomee hiki, macho yangu yameshindwa." Akanipa kipeperushi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa cha wakopeshaji wa mtaani, wale ambao mikopo yao wananchi wameipa jina la kausha damu. Juu yake mliandikwa kwa herufi za mbio, nyekundu, PESA LEO LEO! Chini ya hapo, nene vilevile, zimeinama vilevile, HAKUNA USUMBUFU! Macho yake hayo aliyoyaita mabovu yalikuwa yameyasoma maneno hayo bila shida, tena kutoka ng'ambo ya barabara. Kilichomshinda kilikuwa mistari minne mwishoni mwa karatasi.

Nilichukua rula nikapima. Herufi za juu zilikuwa na urefu wa sentimita 4. Herufi za chini hazikuzidi milimita moja na nusu. Yaani neno la kuvutia lilikuwa kubwa zaidi ya mara 26 kuliko neno la kufunga. Na neno la kufunga lilisema kwamba riba ni asilimia 10 kwa wiki, na kwamba dhamana ikichukuliwa hairudishwi. Mama alikuwa amekwisha kuchukua shilingi 300,000. Tukapiga hesabu juu ya kibao chake cha kukatia samaki. Riba ni shilingi 30,000 kila wiki. Wiki 10 zikipita, amelipa riba ya shilingi 300,000, na deni lenyewe limekaa palepale halijaguswa hata senti. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe maneno yenyewe yalikuwa huku chini."

Wasikilizaji, mimi tangu siku hiyo neno lile limenikaa. Maneno yenyewe yalikuwa huku chini. Hakuna aliyemwambia mama yule uongo. Pesa kweli alizipata leo leo. Kila kitu kiliandikwa kwenye karatasi ileile, kwa Kiswahili kilekile. Lakini sehemu moja ya karatasi ilipewa kipaza sauti, na sehemu nyingine ilifungwa mdomo kwa kitambaa. Ukweli ukisemwa kwa namna hiyo hauna tofauti kubwa na uongo.

Namsikia msikilizaji akiniuliza, je, na ninyi waandishi wa habari? Swali la haki kabisa, na kwa kuwa mazungumzo haya huchapwa pia gazetini, acha nilijibu hapahapa. Pita asubuhi mbele ya meza ya muuza magazeti, pale wanaposimama watu 10 kusoma vichwa vya habari na akanunua mmoja. Utaona magazeti mengine yameandika kila kichwa kwa herufi nene, nyekundu, zimeinama, na alama tatu za mshangao: mchezaji kahama timu, mwanamuziki kagombana na mkewe, mto umefurika watu wamekufa. Yote kwa sauti moja. Sasa mhariri mwenzangu, kama ugomvi wa mwanamuziki umekwisha kuutumilia sauti yako yote, siku ya maafa utaipata wapi nyingine? Debe tupu haliachi kuvuma, na msomaji akizoea mvumo wa debe, hata ngoma ya hatari ikilia ataiona ni debe tu.

Sisemi herufi za mbio zipigwe marufuku. Zina mahali pake, tena pa furaha. Jezi ya mpira haipendezi kwa herufi za Biblia. Basi la mikoani limeandikwa jina lake kwa herufi zinazorusha vumbi, nami hufurahi kulitazama likipita, almuradi dereva wake haigi mwendo wa herufi. Tamasha la muziki, mchezo wa ngumi, mashindano ya baiskeli, hapo ndipo kwao. Pahala pasipo pake ni palipo na jambo la kupimwa na kutafakariwa: mkopo, mkataba, dawa, kura.

Na tukitaka mfano wa kuandika neno likaingia bila kupiga mbio, hatuna haja ya kwenda Frankfurt wala New York. Tufungue kanga. Pale chini, katikati ya mji wa kanga, limekaa jina lake, kwa kawaida kwa herufi za wima, zimepangwa kwenye mstari, hazina papara. Kanga haimkimbilii mtu. Mama huipitisha tu mbele ya mlango wa jirani, akatundika kamba, akaingia ndani. Na jirani husoma, tena husoma mara mbili, na usiku hapati usingizi. Neno lenye uzito halihitaji kuinama.

Basi ushauri wangu ni mdogo na hauna gharama. Ukikutana na herufi inayokukimbilia, wewe simama. Ukishasimama, ugeuze usomaji wako: anza chini, kwenye herufi ndogo, ndipo upande juu. Kama za chini huwezi kuziona, mpe kijana mwenye macho akusomee kabla ya kutia saini, wala si baada yake. Kama hata kijana haoni, hilo peke yake ni jibu. Na wewe mwenye duka, mwenye benki, mwenye gazeti, unayekwenda kwa mchora mabango kumwambia aziinamishe zaidi, mwambie na yale masharti ayaandike kwa herufi ambazo mama muuza samaki anaweza kuzisoma jioni, kwa mwanga wa taa yake.

Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo tuliitunga kwa ajili ya miguu, lakini naona imefika wakati tuitumie na kwa macho.

Kwa leo ni hayo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo, wakati kama huu.